Sukari ikishuka mno, moyo nao huumia

Kwenye benchi la kliniki ya kisukari ninakofanya kazi ya uuguzi, wagonjwa husomeana kadi zao wakati wakisubiri kuitwa, na mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye hupewa hongera. Mzee akitoka kupimwa na kusema kwamba sukari yake asubuhi hiyo ni 3.6, wenzake humwambia kwamba sasa amepona. Mimi namba hiyo hunitia wasiwasi kuliko 11 ya jirani yake, hasa ikiwa mzee mwenyewe amevuka miaka sitini, anameza vidonge vya sukari pamoja na vya presha, na amewahi kulazwa kwa ajili ya moyo. Tumefundisha kwa bidii, na tulikuwa na haki ya kufundisha, kwamba sukari ya juu huharibu macho, figo, miguu na mishipa ya moyo. Upande wa pili wa somo hilo, kwamba sukari iliyoshuka mno huweza kuutesa moyo ndani ya saa hiyohiyo, haujawafikia wengi, na ndiyo sababu nimeamua kuuandika hapa kwa kirefu.

Tuanze na namba. Sukari huhesabiwa kuwa imeshuka inapokuwa chini ya 3.9 kwa vipimo vya milimoli kwa lita ambavyo mashine zetu huonyesha, au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma miligramu. Ikifika chini ya 3.0 hali ni nzito na inahitaji hatua papo hapo, hata kama mgonjwa anasema hajisikii vibaya. Kiwango cha tatu, ambacho ndicho kikali, hakina namba: ni pale mtu anapochanganyikiwa, anapopatwa na degedege au anapozimia kiasi kwamba hawezi kujisaidia mwenyewe, lazima mwingine amsaidie au ampeleke hospitali.

Kwa mtu asiye na kisukari, mwili una ulinzi wa tabaka kadhaa. Sukari inapoanza kupungua, kongosho huacha kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari. Ikiendelea kupungua, homoni ya glukagoni huliamuru ini kuachia sukari liliyoihifadhi. Na kama hilo halitoshi, adrenalini humwagika kwenye damu. Mgonjwa aliyejichoma insulini, au aliyemeza vidonge vinavyoilazimisha kongosho kuitoa, hana tabaka la kwanza, kwa sababu insulini iliyokwisha kuingia haiwezi kurudishwa. Tabaka la pili nalo hudhoofika kadiri ugonjwa unavyokaa mwilini miaka mingi. Anabaki akitegemea adrenalini karibu peke yake, na adrenalini ndiyo homoni ambayo moyo mgonjwa huistahimili kwa shida.

Adrenalini hiyo huufanya moyo upige haraka na kwa nguvu, na presha ipande, hivyo misuli ya moyo huhitaji damu nyingi zaidi kwa wakati uleule. Mishipa yenye afya hutanuka na kuileta. Mishipa iliyokwisha kuzibwa nusu na mafuta haiwezi, na hapo mgonjwa hubanwa na kifua. Au, ikiwa kisukari kimeharibu neva zake, moyo huteseka bila yeye kusikia maumivu yoyote. Wakati huohuo insulini na adrenalini kwa pamoja huyasukuma madini ya potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Umeme wa moyo hutegemea uwiano wa madini hayo, na yanapopungua katika damu, moyo huchukua muda mrefu zaidi kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo madaktari huuona muda huo ukirefuka katika kile wanachokiita kipindi cha QT, na moyo wenye QT ndefu ni moyo unaoweza kupoteza mpangilio wa mapigo kwa ghafla. Juu ya hayo, chembe sahani za damu huwa nyepesi kugandamana, na dalili za uvimbe ndani ya mishipa hupanda na huweza kubaki juu hata baada ya sukari kurudi mahali pake.

Usiku una mambo yake. Watafiti wa Sheffield nchini Uingereza waliwafuatilia wagonjwa 25 wa kisukari cha aina ya pili wanaotumia insulini, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au visababishi vyake kadhaa, wakiwa wamevalishwa kifaa cha kupima sukari mfululizo na kingine cha kurekodi umeme wa moyo, katika maisha yao ya kawaida. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Sukari iliposhuka usiku, mapigo ya moyo yalielekea kuwa ya polepole mno, na mapigo ya kuruka yaliongezeka kuliko nyakati za usiku ambazo sukari ilikuwa ya kawaida. Maelezo yao ni kwamba baada ya adrenalini kuusukuma moyo mwanzoni, neva ya vagasi inayoutuliza huja na kuutuliza kupita kiasi, huku mgonjwa akiwa amelala na sukari ikizidi kushuka bila kumwamsha. Nikisoma matokeo hayo huwakumbuka vijana wa kisukari cha aina ya kwanza ambao madaktari wawili wa Uingereza, Tattersall na Gill, waliandika habari zao mwaka 1991: walikwenda kulala wakiwa wazima, wakakutwa asubuhi wamekufa kitandani, shuka zikiwa hazijavurugika. Tangu wakati huo sukari kushuka usiku pamoja na hitilafu ya mapigo ya moyo imekuwa ndiyo shaka kubwa juu ya vifo vya namna hiyo.

Lakini utafiti uliobadilisha namna dunia inavyowatibu wazee wenye kisukari ni ule wa ACCORD, ulioendeshwa Marekani na Kanada kwa fedha za Taasisi ya Taifa ya Moyo, Mapafu na Damu ya Marekani. Walishiriki watu 10,251 wenye kisukari cha aina ya pili, wastani wa umri wao ukiwa miaka 62, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa wameshapatwa na tatizo la moyo au mishipa. Nusu yao walitibiwa kwa nguvu zote ili kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, yaani HbA1c, kishuke chini ya asilimia 6.0, kiwango cha mtu asiye na kisukari. Nusu nyingine walilengwa kubaki kati ya asilimia 7.0 na 7.9. Kila mtu alitarajia kundi la kwanza lifaidike. Februari 2008, baada ya wastani wa miaka mitatu na nusu, tiba ile kali ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu katika kundi lake walikuwa wamefariki watu 257 na katika kundi la pili 203. Waliopata sukari kushuka kiasi cha kuhitaji msaada wa kitabibu walikuwa asilimia 10.5 upande wa tiba kali, na asilimia 3.5 upande wa pili.

Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya ADVANCE, utafiti wa watu 11,140 kutoka nchi 20, ambao haukuonyesha ongezeko hilo la vifo, pengine kwa kuwa sukari ilishushwa taratibu zaidi. Hata hivyo watafiti wake walipowachambua wagonjwa waliopatwa na sukari kushuka vikali, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, walikuta kwamba hao walikuwa na uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo karibu mara tatu ya wenzao.

Hapa inanipasa kuwa mwangalifu, kwa sababu nimesikia watu wakiyageuza matokeo haya kuwa ruhusa ya kuacha dawa. Kwanza, ndani ya ACCORD yenyewe, waliopatwa na sukari kushuka vikali walikufa zaidi katika makundi yote mawili, si katika kundi la tiba kali tu, na wachambuzi hawakuweza kuvieleza vifo vile vyote kwa sukari kushuka peke yake. Pili, mtu ambaye sukari yake hushuka mara kwa mara huenda tayari ni mdhaifu, figo zake zimechoka, hali chakula vizuri, amedhoofika kwa maradhi mengine, na udhaifu huohuo ndio unaomsogeza karibu na kifo. Utafiti wa CAROLINA wa mwaka 2019 ulilinganisha dawa mbili za kisukari, linagliptini na glimepiridi, kwa zaidi ya watu 6,000. Asilimia 37.7 ya waliotumia glimepiridi walipatwa na sukari kushuka, dhidi ya asilimia 10.6 ya waliotumia linagliptini, lakini matatizo ya moyo yakawa sawasawa. Na utafiti mkubwa wa Uingereza wa UKPDS, uliowafuata wagonjwa wapya wa kisukari kuanzia mwaka 1977, ulikuja kuonyesha mwaka 2008 kwamba waliodhibitiwa vizuri tangu mwanzo walipata mishtuko michache ya moyo miaka mingi baadaye.

Nikiyaweka yote pamoja, ninachokiamini ni hiki: kudhibiti sukari mapema, mtu akiwa bado na nguvu na moyo mzima, ni faida ya miaka mingi; kuishusha kwa nguvu kwa mzee ambaye moyo wake umeshaugua ni hatari ambayo hakuna namba nzuri kwenye kadi inayoweza kuifidia. Miongozo ya leo inasema vivyo hivyo. Mtu mzima wa kawaida hulengwa HbA1c ya karibu asilimia 7, na mzee mwenye maradhi kadhaa huachwa chini ya 8 tu. Kwa wagonjwa wengi wa kwetu, ambao kipimo hicho hufanyiwa mara chache au hakifanywi kabisa, jambo la busara ni kujua namba ya chini ambayo sukari ya asubuhi haitakiwi kuivuka, kama wanavyoijua ya juu.

Wako wapi walio hatarini katika kliniki zetu? Wa kwanza ninaowafikiria ni wazee wanaomeza glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu ambacho kimewatumikia watu wetu kwa miongo mingi. Tatizo lake ni kwamba hufanya kazi kwa muda mrefu, na mabaki yake yenye nguvu hutolewa na figo, kwa hiyo figo zikipungua uwezo dawa hujikusanya mwilini na kuendelea kushusha sukari hata mtu asipokula. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeweka gliklazidi mahali pake na kuandika wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa waliovuka umri wa miaka 60. Bado naiona kwenye mifuko ya wazee wa miaka 75.

Wa pili ni wanaochoma insulini ya mchanganyiko jioni, wakala kidogo au wakalala bila kula, kwa sababu kilele cha sehemu yake ya muda mrefu huangukia usiku wa manane. Wapo pia wanaopewa dawa nyingine bila aliyeziandika kuuliza habari za kisukari: antibiotiki za septrini na siprofloksasini huongeza nguvu ya vidonge vya jamii ya glibenklamidi, na kwinini huichochea kongosho kutoa insulini, tena yenyewe huirefusha ile QT niliyoitaja, wakati malaria kali pia hushusha sukari. Pombe, iwe mnazi au ya dukani, hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na anayeinywa bila kula anaweza kushuka saa nyingi baadaye.

Halafu kuna dawa za moyo zenyewe. Atenololi, propranololi na ndugu zao za kundi la beta-bloka ni dawa njema, zimeokoa watu wengi baada ya mshtuko wa moyo, na sitaki mtu aziache kwa sababu ya maneno yangu. Lakini hupunguza kutetemeka na mapigo ya haraka, dalili ambazo mgonjwa amefundishwa kuzitambua. Kinachobaki ni jasho. Baba yangu mdogo, ambaye alikuwa akimeza glibenklamidi mara mbili kwa siku pamoja na atenololi, aliamka usiku kwa miezi kadhaa shuka likiwa limelowa, bila kutetemeka wala moyo kwenda mbio, na nyumba nzima ikalaumu joto la Tanga. Nilipolala kwake nilimpima saa tisa usiku, na mashine ikasoma 2.7. Aliniambia, “Mwanangu, mbona sisikii kitu?” Kipimo cha figo kilichofuata kilionyesha kwamba zimepungua nguvu, daktari alimwondolea glibenklamidi, akamwachia dawa yake ya moyo, na jasho likaisha. Namba zake za asubuhi sasa ni 8 na 9, na majirani humwonea huruma kwamba sukari imempanda.

Kutosikia huko si kwa sababu ya dawa tu. Kila sukari inaposhuka, mwili huzoea, na safari inayofuata adrenalini huchelewa kutoka hadi sukari ifike chini zaidi. Anayeshuka mara nyingi hupoteza onyo lake, ingawa wiki chache za kujilinda asishuke kabisa zinaweza kulirudisha kwa kiasi.

Kwa sisi wa pwani siwezi kuliacha suala la Ramadhani. Utafiti uitwao EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 kwa watu 12,243 katika nchi 13, ulionyesha kwamba sukari kushuka vikali iliongezeka wakati wa mfungo karibu mara tano kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara saba na nusu kwa wenye aina ya pili. Saa mbaya ni zile za alasiri kuelekea magharibi, hasa kwa aliyekosa daku. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unamtaka mgonjwa afungue mara moja sukari ikiwa chini ya 3.9, hata kama imebaki nusu saa adhana isikike, na unawashauri wasifunge kabisa wale waliopata sukari kushuka vikali katika miezi ya karibuni, au ambao ugonjwa wao wa moyo haujatulia. Kutoboa kidole na kupima hakubatilishi saumu, jambo ambalo masheikh wengi wamelisema na bado linahitaji kurudiwa. Anayekusudia kufunga aje kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, kwa maana dozi ya kawaida ya asubuhi haiwezi kuhamishiwa daku bila kupunguzwa; hilo ni hesabu ya daktari, si ya jirani aliyefunga salama mwaka jana.

Sukari ikishuka, anayeweza kumeza apewe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ambayo isiwe ile isiyo na sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15, na kama bado yuko chini ya 3.9 arudiwe. Maziwa yenye mafuta, karanga na chokoleti huchelewa kufanya kazi, kwa hiyo si vya kuanzia. Akipanda, ndipo ale mkate, ndizi au ugali ili asishuke upya. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali haraka. Aliyemeza glibenklamidi apelekwe hata akizinduka, kwa kuwa anaweza kushuka tena usiku huo au kesho yake.

Kwa mwenye ugonjwa wa moyo naongeza jambo moja. Jasho baridi, kichefuchefu na kifua kizito vinaweza kuwa dalili za sukari kushuka, za mshtuko wa moyo, au za vyote viwili kwa pamoja. Pima na umpe sukari kwanza, lakini kama kifua hakijaachia baada ya sukari kurudi, hiyo ni safari ya hospitali na siyo ya kitandani. Na mhudumu atakayempokea aambiwe kwamba sukari ilishuka na ilifika ngapi, ili kipimo cha umeme wa moyo kifanywe na potasiamu iangaliwe.

Dawa mpya zimefungua mlango ambao kizazi cha ACCORD hakikuwa nao. Empagliflozini ilipunguza vifo vya moyo kwa asilimia 38 katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015, na liraglutidi nayo ilionyesha faida kwa moyo mwaka uliofuata. Zote mbili, zikitumiwa bila insulini wala vidonge vya jamii ya glibenklamidi, kwa kawaida haziishushi sukari kupita kiasi. Metfomini yetu ya siku zote ina sifa hiyohiyo ya kutoshusha mno. Bei ya hizo mpya bado ni mzigo kwa mgonjwa anayejilipia mwenyewe, na ningependa bima za afya zizitazame kwa makini zaidi, angalau kwa wale ambao moyo umeshaugua. Gliklazidi badala ya glibenklamidi, hata hivyo, si ndoto ya mbali, na gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya kulazwa.

Ndiyo maana kila mgonjwa anapokaa mbele yangu, kabla ya kuitazama namba ya leo, humwuliza kama tangu tulipoonana sukari imewahi kushuka, saa ngapi, alikuwa amekula nini, na nani alikuwa naye. Mara nyingi mkewe au binti yake ndiye mwenye jibu, hivyo naomba waje pamoja. Na yule ambaye amezimia hata mara moja, au ameona chini ya 3.0 kwenye mashine yake, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi: aje kesho yake asubuhi, na vidonge vyake vyote kwenye mfuko, vya sukari, vya presha na vile alivyonunua duka la dawa, ili dozi ipunguzwe kabla ya usiku mwingine.